Bajaji ya Kwanza Huchaguliwa na Barabara

Mwendesha pikipiki akiliona shimo hulipita pembeni. Mwenye gari hulipitisha katikati ya magurudumu, akaenda zake. Wa bajaji hana njia hizo mbili. Gurudumu lake la mbele liko katikati, ya nyuma yako kushoto na kulia, kwa hiyo anakanyaga mistari mitatu kwa wakati mmoja, na shimo alilolikwepa kwa mbele hulikuta kwa nyuma. Dukani huwezi kuliona jambo hili. Utaliona siku uko njia ya Bonyokwa, Dar es Salaam, baada ya mvua, umepakia watu watatu na mmoja wao amempakata mtoto, na kila unakopeleka usukani kuna gurudumu moja linaloingia.

Naanza na shimo kwa sababu vijana wanaonijia kuulizia bajaji ya kwanza huanza na kampuni. Bajaj au TVS? Mpya au iliyotumika? Hii ya bluu au ile nyekundu? Ni maswali ya haki, na mimi nilikuwa nayo yote nilipoamua kuachana na bodaboda. Mjomba wangu, fundi wa Buguruni, hakunijibu hata moja. Aliniuliza, "Utapita wapi, mpwa wangu? Na utambeba nani?" Kwa miaka yote niliyokaa kwenye usukani tangu hapo, sijapata kipimo kinachozidi hicho.

Wa kumbeba nilikuwa namjua. Kijiwe chetu kilikuwa Tabata, tukipeleka watu Segerea na Kinyerezi, na simu za usiku zilizoniuma zaidi zilikuwa za wajawazito. Mama mwenye uchungu humpandishi pikipiki. Wenzetu wenye bajaji ndio waliowakimbiza hospitali ya Amana, sisi wa magurudumu mawili tukabaki tumesimama. Kulikuwa na wazee wa kliniki ya presha, mama lishe na masufuria yao alfajiri, watoto wa chekechea siku za masika. Wote hao walihitaji kiti cha kuegemea na paa juu ya kichwa. Pikipiki ilinilisha, sitaisema vibaya, lakini kila nilipomkatalia mama wa namna ile nilijua kuna watu wa mtaa wangu ambao kazi yangu haiwafikii.

Mjomba alikuwa ameanza ufundi kwenye Vespa, ndiyo maana bajaji hazikumbabaisha zilipojaa Dar es Salaam. Aliujua ukoo wa bajaji. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kampuni ya Piaggio ya Italia, iliyokuwa imeshatoa Vespa, ilimpa mhandisi wake yuleyule, Corradino D'Ascanio, kazi ya kubuni chombo cha magurudumu matatu cha kubebea mizigo. Kikaitwa Ape, kikatoka mwaka 1948. India nako Bajaj Auto ya Pune ilipata leseni ya serikali ya kuunda vyombo vya magurudumu mawili na matatu mwaka 1959, ikaanza kwa ushirikiano na Piaggio haohao. Ukiyajua haya, bajaji inaacha kuwa kiumbe cha ajabu. Unaelewa kwa nini gia zinabadilishwa kwa kuzungusha mkono wa kushoto huku umebana klachi, mafuta yako mkono wa kulia, breki chini ya mguu, na injini imejificha nyuma chini ya abiria. Ni Vespa iliyopanuliwa nyuma, yenye gia nne za kwenda mbele na moja ya kurudi.

Lakini haiendeshwi kama Vespa, na hapo ndipo mjomba alipokaza kamba. Hakukubali niende kuangalia bajaji yoyote ya kununua kabla sijajifunza kuendesha. Siku ya Jumapili aliazima ya jirani, tukaenda kwenye uwanja wa shule. Mwili wangu ulikuwa umezoea kulala na kona: kwenye pikipiki ukiingia kulia unalalia kulia, na chombo kinalala pamoja nawe. Bajaji hailali. Nilipokata kona ya kwanza kwa mwendo niliouzoea, nilisikia gurudumu la nyuma la ndani likiwa jepesi, kisha likarudi chini kwa kishindo. Mjomba akanisimamisha. Akaokota spana, akachora pembetatu mchangani, ncha mbele na kitako nyuma, akaweka nati moja katikati.

"Hii nati ni uzito wote," akasema. "Wewe, abiria, injini, mafuta. Ikibaki ndani ya mistari, umekaa. Ikivuka mstari, umelala." Akaisukuma nati pembeni, kuonyesha kona inavyovuta uzito nje. Halafu akaisukuma mbele kidogo, kuelekea ncha. "Na hapa umefunga breki ndani ya kona." Kule mbele pembetatu ni nyembamba. Nati ileile, ikisogea pembeni kiasi kilekile, ilikuwa tayari iko nje ya mstari.

Sijawahi kuona darasa la udereva lililonikaa kichwani namna ile. Breki inafungwa kabla ya kona, mwendo unaingia nao mdogo, kisha unatoka ukiongeza mafuta taratibu. Na mchoro huohuo ulinifundisha mambo mengine bila kuambiwa. Dereva akiwa peke yake uzito wake uko mbele, karibu na kule kwembamba, ndiyo maana bajaji tupu haitaki kukimbizwa kwenye kona ingawa inajiona nyepesi na ina haraka. Abiria watatu wakikaa kwenye kiti chao cha nyuma wako juu ya upande mpana. Lakini yule wa nne unayembananisha ubavuni mwako anakaa penye wembamba, upande mmoja, na goti lake linazuia usukani. Kiti cha mbele kimetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja. Kila ninapowaona madereva wamekaa nusu kiti, bega moja liko nje, naikumbuka ile nati.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu anayenunua kabla ya kuendesha ananunua kwa macho. Aliyekwisha kuendesha anajua anatafuta nini: shokapu za nyuma zisizobonyea upande mmoja, matairi yasiyo vipara, usukani usiocheza, breki zinazoshika magurudumu yote kwa pamoja. Zikishika upande mmoja kabla ya mwingine, bajaji huvuta, na kwenye lami yenye maji utageuka bila kutaka. Leseni nayo ilinilazimu kuongeza, maana ile ya pikipiki haikunitosha. Magurudumu matatu yana daraja lake.

Swali la "utapita wapi" lilichukua muda zaidi. Njia yangu ilikuwa na vipande vitatu visivyofanana: lami ya Tabata hadi Segerea yenye foleni asubuhi na jioni, barabara za ndani za Kinyerezi zenye mchanga na makorongo, na miinuko ya Bonyokwa. Foleni inachosha klachi na kuichemsha injini. Mchanga unataka matairi yenye meno na mkono wa kuujua usukani, kwa sababu gurudumu moja la mbele likizama hakuna mwenzake wa kulivuta. Miinuko inataka injini yenye nguvu zake zote, si iliyochoka.

Kuna wakati nilivutwa na guta. Pale soko la Buguruni mzigo haukatiki, na guta la injini hubeba saruji, ndizi, mbao, chochote, wala halikulalamikii kwamba umechelewa. Mwenye mwelekeo wa mizigo namshauri aende huko bila kusita. Mimi wangu walikuwa watu, basi.

Kuhusu kampuni, mjomba alikuwa na njia yake. Alinituma nikae kijiweni, siyo kwetu tu, na vijiwe vya jirani pia, niangalie ni bajaji gani zimesimama zikitengenezwa, zinatengenezwa na nani, na spea imetoka wapi. Nikaona haraka kwamba swali la "ipi bora" lina majibu mengi kama walivyo madereva, lakini swali la "ipi inatengenezeka hapa" lina jibu moja kwa kila mtaa. Kwetu nyingi zilikuwa Bajaj RE. Waya wa klachi ukikatika Segerea saa mbili usiku, kuna dereva ana wa akiba chini ya kiti, na kuna duka la mangi linauza. Kijana wa gereji ya pembeni anaweza kuufunga akiwa anaongea na simu. TVS King ilikuwa na wapenzi wake, na nimeiendesha, ni chombo kizuri. Upande mwingine wa mji nimekuta vijiwe vizima vya TVS ambako mwenye Bajaj ndiye anayehangaika kutafuta spea. Siku hizi TVS wana King Duramax yenye injini ya cc 225 inayopozwa kwa maji, jambo la maana kwa mtu wa foleni, maana injini ya kupozwa kwa feni hutegemea upepo wa joto uleule wa barabarani. Ila mwenye injini ya maji awe mtu wa kukagua maji kila asubuhi.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni kuchukua kile ambacho kijiwe chake kinakijua. Utakapokuwa na ya pili au ya tatu, jaribu unalotaka. Ya kwanza inakufundisha kazi, na kila siku inayolala gereji ikisubiri kipuri cha kuagiza ni siku ambayo nyumbani hakijaingia kitu. Kuna dereva nilimfahamu aliyenunua chombo cha kampuni isiyo na jina hapa mjini kwa sababu bei ilikuwa chini. Kilikuwa kipya kabisa, na kilikaa kimefunikwa turubai kwa muda mrefu kuliko kilivyotembea, kisa ekseli tu.

Kuna mtu mwingine aliyenifungua macho, na huyu hakuwa fundi. Alikuwa dereva mwenzetu aliyepooza miguu tangu utotoni. Dar es Salaam ina madereva wengi wa bajaji wenye ulemavu, na kwa miaka mingi wamekuwa wakipigania nafasi yao ya kuingiza abiria katikati ya mji, ambako bajaji nyingine huzuiwa. Yeye alipokwenda kununua hakuanza na injini. Alianza na breki, kwa sababu breki ya mguu kwake haipo. Fundi wa kuchomelea alimtengenezea mkono wa chuma unaosukuma pedali, ukapanda hadi karibu na goti. Kisha akakagua urefu wa kiti hadi chini, ili aweze kujihamisha kutoka kwenye kiti cha magurudumu bila kuinuliwa na mtu. Kisha mahali pa kuwekea hicho kiti, kikunjwe kisimsumbue abiria. Nilimtazama akiijaribu bajaji ikiwa imesimama, injini imezimwa, mikono inapita kutoka klachi hadi ule mkono wa breki, tena na tena, mpaka akaridhika kwamba anaweza kubana klachi na kufunga breki bila kuuachia usukani.

Sisi wenye miguu tunaruka hatua hiyo. Tunakaa, tunapiga stata, tunasikia mlio, tunatoa pesa. Tangu siku ile ninamwambia kila mnunuzi akae kwanza kwenye kiti muda wa kutosha. Je, magoti yanagonga usukani ukiugeuza wote? Kiganja kinauzunguka mshiko wa gia bila kukaza mkono? Kioo cha pembeni unakiona bila kuinama? Saa kumi na mbili kwa siku kwenye kiti kisichokufaa hukuharibu mgongo, na dereva mwenye maumivu hukosa subira barabarani.

Sikuwa na pesa ya mpya. Nilikuwa na akiba na thamani ya pikipiki yangu, kwa hiyo tulitafuta iliyotumika, na hapo ndipo niliona ufundi wa mjomba hasa. Dalali mmoja alituletea bajaji inayowaka rangi, viti vipya, turubai jipya, redio. Niliipenda; yeyote angeipenda. Mjomba aliomba ndoo ya maji. Akayamwaga kwenye sakafu ya saruji mbele ya gereji, akamwambia dalali aisukume polepole ipite juu yake, usukani umenyooka. Ikapita, ikaacha mistari mitatu ya maji kwenye saruji kavu. Mjomba akachuchumaa, akapima kwa shubiri kutoka mstari wa kati hadi wa kushoto: shubiri mbili na nusu. Kutoka wa kati hadi wa kulia: shubiri mbili na nusu na vidole vitatu. Akapima tena mbele zaidi. Vilevile.

Chesisi ilikuwa imepinda. Ile bajaji ilishakula mzinga mkubwa, ikanyooshwa kwa macho, ikapigwa rangi. Dalali akasema ni gurudumu tu halikukazwa vizuri. Mjomba hakubishana naye, alimshukuru tu kwa muda wake. Mimi alinieleza baadaye kwamba bajaji ya namna hiyo hula tairi la upande mmoja, huvuta usukani siku nzima, na dereva huzoea kuushikilia bila kujua, mpaka siku ya breki ya ghafla.

Iliyofuata ilikuwa imepauka, turubai limeshonwa kwa nailoni, taa moja haina kioo. Mistari yake ya maji ilikuwa sawa pande zote mbili. Basi akaendelea. Tulikuwa tumefika alfajiri kwa makusudi, bila kumwarifu mwenyewe saa kamili, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa baridi. Injini iliyopashwa moto kabla mnunuzi hajafika inaficha tabia yake ya kuwaka kwa shida asubuhi. Akapiga stata, akaenda nyuma kuangalia ekzosi. Moshi wa bluu unaoendelea kutoka ni oili inayoungua, maana yake ringi au silinda zimeisha, na hiyo ni gharama. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi, mara nyingi ni kabureta au kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, na hiyo si ya kumkimbiza mtu. Hii ilitoa moshi mweusi kidogo, ukaisha.

Tukainyanyua mbele, akageuza usukani huku na huku, polepole, akisikiliza kwa vidole. Penye bringi zilizoliwa usukani hukwama katikati kana kwamba kuna kijishimo. Akainua mkeka wa sakafuni, akachomachoma bati kwa bisibisi. Chumvi ya hewa ya pwani na maji ya mvua yanayotuama chini ya mkeka huila sakafu kimyakimya, na ikitoboka hapo fremu nayo imeshaanza. Kulikuwa na kutu, lakini bisibisi haikupita. Mwisho tukapanda, mjomba, muuzaji na kijana wa gereji nyuma, mimi mbele, tukaenda nayo mpaka Bonyokwa. Kwenye mwinuko akaniambia nisimame katikati, nivute breki ya mkono, kisha niondoke. Klachi ikiwa imechoka, injini hapo huunguruma sana na mwendo hauji. Ya kwetu iliondoka.

Kuhusu bei tulielewana tukiwa bado juu ya kilima. Karatasi zilichukua muda zaidi, na hapa naomba mtu asiwe na haraka. Namba ya chesisi na ya injini zilisomwa kwenye chuma chenyewe, siyo kwenye picha ya simu, zikalinganishwa na kadi ya usajili herufi kwa herufi. Jina kwenye kadi lilikuwa la muuzaji, na kadi yenyewe ilikuwa mkononi mwake. Bajaji nyingi zimenunuliwa kwa mkopo na kadi imeshikiliwa na aliyekopesha. Ukinunua chombo ambacho kadi yake "iko sehemu", umenunua deni la mtu. Mkataba wa mauziano tuliuandika kwa wakili, umiliki ukabadilishwa TRA kwa jina langu, bima ikakatwa, na kibali cha biashara nikakishughulikia. Siku hizi hilo la kibali ni la LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, iliyochukua kazi hiyo kutoka SUMATRA mwaka 2019.

Wengi hawafiki hapo kwa pesa taslimu, wanaingia kwa mkataba. Tajiri ananunua, dereva anapeleka hesabu kila siku, na muda ukiisha bajaji inakuwa yake. Sina ubaya na mkataba; umewatoa vijana wengi waliokuwa hawana pa kuanzia. Nataka tu mtu akae chini na kalamu. Tuseme hesabu ni 20,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa miezi 18. Hizo ni wiki 78, siku 468, jumla shilingi 9,360,000. Weka pembeni bei ya bajaji hiyohiyo dukani, uone tofauti, ujue hiyo ndiyo bei ya kutokuwa na mtaji. Halafu uliza mambo ambayo hesabu haiyasemi. Matengenezo makubwa ni ya nani? Ukiugua wiki mbili, siku hizo zinafutwa au zinaongezwa mwishoni? Ikiibwa? Kadi itaandikwa jina lako lini? Haya yote yaandikwe na yasainiwe mbele ya shahidi, hata kama tajiri ni shemeji yako. Nimewaona vijana wenye bidii wakinyang'anywa bajaji wamebakiza miezi michache kwa sababu makubaliano yalikuwa ya mdomo, na hilo linanikasirisha mpaka leo, kwa sababu vijana wale walishazilipa kwa jasho lao.

Mkataba pia unabadili aina ya bajaji inayokufaa. Mwenye deni la kila siku hawezi kuchukua chombo kinachohitaji kupumzishwa mara kwa mara. Bora achukue mpya, hata hesabu ikiwa kubwa kidogo, kuliko iliyotumika yenye hesabu ndogo na gereji kila Jumatatu. Mwenye chake anaweza kuanza na kuukuu akaitengeneza pole pole, kama nilivyofanya mimi: kwanza breki na matairi, kisha bringi, taa, mwisho turubai. Redio sikuweka. Abiria wangu wengi walikuwa wagonjwa.

Siku hizi maswali yamebadilika. Gesi asilia kutoka Songo Songo, inayofika Dar es Salaam tangu mwaka 2004, sasa inaendesha bajaji nyingi, na madereva wanaoitumia wanasema wazi kwamba gharama ya kutembea imepungua. Mtungi unakaa nyuma, una uzito wake, na vituo vya kujaza bado ni vichache kuliko vya petroli, hivyo foleni yake ni sehemu ya kazi. Za umeme nazo zimeanza kuonekana. Mimi sizikatai; ningetaka zote ziwe za kelele ndogo na zisizo na moshi, kwa ajili ya wale abiria wangu wa kliniki. Kipimo changu hakijabadilika tu kwa sababu nishati imebadilika.

Kuna binti kwenye kijiwe chetu anayetaka kununua ya kwanza mwaka huu. Ana wanafunzi wa kuwapeleka asubuhi Kinyerezi hadi Segerea na kuwarudisha mchana, kazi ya uhakika, wazazi wanalipa kwa mwezi. Anaitaka ya gesi. Nimemwambia aazime ya mwenzake kwa wiki moja, aiendeshe njia hiyohiyo, saa hizohizo, aende mwenyewe kwenye kituo cha gesi akapange foleni, aone kama inampa muda wa kuwa mlangoni kwa watoto kabla kengele haijalia. Ikimpa, achukue ya gesi. Isipompa, kuna RE moja ya petroli Tabata Relini ambayo mwenyewe anastaafu, na Jumamosi tunakwenda kuiangalia.